Fimbo ya vichwa viwili: majira mawili ya baridi kando ya mto Trent

Fimbo hii niliinunua imeshatumika, pauni 28, katika duka dogo la vifaa vya uvuvi hapa Nottingham, Novemba ya mwaka juzi. Jina la kiwanda limefutika kwa mikono ya mwenyewe wa kwanza. Juu ya kishikio yamebaki maandishi mawili tu: futi 11, yaani urefu, na ratili 1.25, yaani uzito wa kuipinda fimbo. Kwa hiyo siwezi kuwaambia mtafute jina gani dukani, lakini aina yenyewe naweza kuieleza, maana inatengenezwa na kampuni nyingi na zote zinafanana. Kishikio ni kimoja, vichwa ni viwili. Kichwa cha kwanza ni cha kawaida, kinapinda taratibu tangu juu mpaka katikati. Cha pili kina tundu mwishoni, na humo unachomeka ncha nyembamba kama njiti ya kufumia. Ncha zinakuja tatu, ya aunsi 1, ya 2 na ya 3; aunsi chache maana yake inapinda kwa urahisi zaidi.

Nimevulia nayo majira mawili ya baridi, chambo kikiwa kimelala chini ya mto, mimi nimekaa ukingoni kwenye kiti cha kukunja. Nawaandikia hasa wenzangu mlioko huku Uingereza ambao mmekulia kwenye mshipi, na baridi ikawafanya muache.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba mdogo alikuwa na ngalawa pale Deep Sea, na nilianza kutoka naye nikiwa na miaka tisa. Kuvua kwetu kulikuwa ni mshipi, ndoana, chubwi na kidole cha shahada. Unaupitisha mshipi juu ya kidole, unauacha upumue, na chochote kinachogusa chambo kule chini unakisikia pale kwenye pingili ya kwanza. Changu anadonoa haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango na ana haraka zake. Chewa habishi hodi, anabeba chambo na kuondoka. Nilikuwa nawatambua kabla hawajafika juu, na nilikuwa najivunia hilo kuliko kitu chochote nilichofundishwa darasani.

Huku mshipi wa mkono hauruhusiwi kwenye mito. Sheria inataka fimbo, na leseni ya fimbo kutoka Environment Agency, idara ya serikali ya mazingira, kwa kila aliyefikisha miaka 13. Majira yangu ya baridi ya kwanza niliazima fimbo nene ya baharini, nikaweka mshipi juu ya kidole kama nilivyozoea. Hewa ilikuwa nyuzi 2. Baada ya dakika kumi kidole kilikuwa kimekufa. Sikusikia kitu, na fimbo ile haikuniambia kitu, ilisimama kama nguzo ya umeme. Nilipovuta, ndoana ilikuwa tupu, mkate umeliwa wote. Nikaweka tena, ukaliwa tena. Siku tatu nilirudi nyumbani hivyo hivyo, samaki wanakula na mimi sina habari, na nilihuzunika sana, kwa sababu niliona kama kile nilichorithi kwa baba mdogo kimeganda na kupotea.

Hapo ndipo fimbo hii inapoingia, na hiyo ndiyo sababu naipenda. Ile ncha nyembamba ni kidole. Haihisi baridi. Ninachokisikia Tanga kwa ngozi, hapa nakiona kwa macho.

Nieleze inavyokuwa, maana ndiyo kazi yake hasa. Samaki ninayemfuata ni chabu, samaki wa magamba makubwa, mdomo mpana mweupe, mapezi ya chini mekundu kidogo. Kuna mwingine maarufu zaidi kwenye Trent, baboli, mwenye ndevu nne mdomoni, lakini maji yakishuka chini ya nyuzi 6 hivi yeye huzubaa sana. Chabu anaendelea kula hata kukiwa na sakitu kwenye majani. Ila hakimbizi chakula. Damu yake inafuata joto la maji, na maji yakiwa nyuzi 4 hana nguvu za kupoteza. Anakaa pale mkondo mkali unapopakana na maji yaliyotulia, au chini ya mti wa mlilia ulioinamia mto, anangoja kiletwe. Ndiyo maana chambo lazima kitulie. Ukikiacha kibingirike na mkondo, atakitazama kikipita.

Natupa kuelekea chini ya mkondo, naweka fimbo kwenye mihimili miwili, ncha imeinuka kidogo. Mkondo unauvuta mshipi na ncha inapinda kiasi, kama mtu aliyeinamisha kichwa. Chubwi nimelipima liwe zito kiasi cha kushika chini tu, basi. Nikiongeza kidogo zaidi linakuwa nanga, nikipunguza linasafiri. Likiwa sawasawa, samaki akigusa tu linang'oka na ncha inasema. Kwanza unaona mtetemo mdogo, mara moja, mara mbili, kama jani limeigusa. Usiguse fimbo. Halafu inatulia, na unaweza kudhani ameondoka. Kisha ncha inaanza kwenda, polepole, inapinda inchi mbili, inchi tatu, bila kurudi. Hapo ndipo unanyanyua. Na ukiwa umetupa kuelekea juu ya mkondo mambo yanageuka: ncha iliyopinda inanyooka ghafla, mshipi unalegea, maana samaki amelisogeza chubwi kuja upande wako. Mara ya kwanza nilidhani mshipi umekatika.

Ncha ya aunsi 1 ndiyo naitumia siku nyingi. Katika maji yaliyotulia inaonyesha hata samaki mdogo anayenyonya mkate bila kuumeza. Ya aunsi 2 naichomeka mto ukiwa umepanda kidogo na una rangi ya chai ya maziwa. Ya 3, kwa ukweli, haina maana kwa chabu. Mkondo ukiwa mkali kiasi cha kuihitaji, ni afadhali kutafuta pengine pa kukaa. Kile kichwa cha kawaida nacho hakijatoka kwenye mfuko wake majira yote ya baridi. Nimekitumia kiangazi, ni kizuri, lakini si kwa ajili yake ninaandika.

Juu ya chambo nitasema kwa sababu kinahusiana na ncha. Wengi huku hutumia nyama ya kopo, nami siishiki kwa kuwa ni nguruwe. Nimebaki na mkate mweupe na jibini, na sijaona hasara. Mkate mpya wa slaisi, wenye unyevu, unakata kipande, unakikunja kwenye ndoana namba 8 na kukibana upande mmoja tu, upande wa pili unaachwa uchanue majini. Slaisi zilizobaki nazisaga kavu kwenye blenda mpaka ziwe chenga, na chenga zinaingia kwenye kikapu kidogo cha waya kilichofungwa mahali pa chubwi. Kikifika chini zinatoka kama wingu, zinateremka na mkondo, na kipande changu kiko katikati yake. Usijaze sana. Kwenye baridi samaki anashiba haraka. Vikapu vitano sita kwa mchana mzima vinatosha. Jibini nalo linahitaji hila: donge lililokuwa laini jikoni linakuwa gumu kama jiwe kwenye maji ya nyuzi 4, na ndoana haichomoki humo. Nalikanda na mafuta ya kupikia kidogo, liwe laini kuliko unavyodhani inafaa.

Kuhusu machubwi, kwetu tulikuwa tukiyayeyusha ya risasi wenyewe kwenye kopo. Huku machubwi madogo ya risasi, ya kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35, yamepigwa marufuku tangu 1987, kwa sababu batamaji weupe wale wakubwa walikuwa wakiyameza chini ya mto na kufa kwa sumu. Wapo wengi hapa Trent, wananijia mpaka miguuni wakitaka mkate. Ukinunua fimbo iliyotumika pamoja na kisanduku cha vifaa, kama nilivyofanya, kagua yaliyomo na uyatoe ya zamani.

Siku niliyoamini kabisa kuwa pauni 28 zangu zimekwenda mahali pema ilikuwa Jumamosi moja ya Januari iliyopita. Nilifika saa sita mchana. Kipimajoto nilichokitumbukiza kilisoma 4.5. Nilikaa mahali pa kwanza dakika thelathini, hakuna kitu. Nikahamia pa pili, hakuna. Pa tatu, ncha ilitikisika mara moja tu. Wazee ninaowakuta ukingoni husema enzi za vituo vya umeme vya makaa ya mawe mto huu ulikuwa ukipashwa joto na samaki wakila majira yote ya baridi. Cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Sasa Trent una baridi yake yenyewe, na saa nzuri ni chache. Kwangu saa nzuri imekuwa ile ya jua kuzama na nusu saa ya kiza inayofuata. Siku ile jua lilizama kama saa kumi na robo. Nilipachika kijiti cha mwanga kwenye ncha, kile cha kijani, nikatupa chini ya mti wa mlilia. Mikono ilikuwa ndani ya makwapa. Sikuwa nahisi vidole hata kimoja.

Kile kijani kikatikisika, mara mbili. Kikatulia. Nikasema, bismillahi. Kisha kikaanza kwenda chini na kushoto, taratibu kabisa, na nilijua. Nilijua kama nilivyokuwa nikijua ndani ya ngalawa. Nilinyanyua, na fimbo ikapinda mpaka kwenye kishikio, laini, bila kumng'oa mdomo, ingawa mshipi wangu ni wa ratili 5 tu na alikuwa akikimbilia mizizini. Alikuwa chabu wa ratili nne na ushei, karibu kilo mbili. Nililowesha mikono majini kabla ya kumshika, ndoana ilikuwa pembeni mwa mdomo, nikaitoa na kumshikilia kwenye maji yaliyotulia mpaka akapiga mkia. Nyumbani Tanga wananiuliza kila mara, umemla? Chabu wa ukubwa ule kumchukua ni kosa kisheria, na hata angeruhusiwa, ana miba midogo mingi kuliko nyama. Nilimrekodia baba mdogo ujumbe wa sauti usiku uleule nikamweleza ile ncha ilivyokwenda. Alinijibu, "Basi kidole unacho."

Sasa kasoro, maana zipo.

Pete za zile ncha ni ndogo mno. Hewa ikishuka chini ya sifuri, maji yanayokuja na mshipi yanaganda ndani ya pete, na baada ya mitupo mitatu mshipi haupiti. Nazipaka mafuta ya mgando kabla ya kutoka, yanasaidia kwa saa moja hivi, kisha nazitumbukiza mtoni ziyeyuke. Usijaribu kuvunja barafu kwa kucha. Nilivunja pete ya juu ya ncha ya aunsi 2 kwa njia hiyo na ilikuwa kosa langu.

Kiungo kati ya kishikio na kichwa kimelegea kwa uzee. Kinazunguka kidogo kidogo wakati wa kutupa mpaka pete haziko kwenye mstari. Nimekisugua kwa nta ya mshumaa na kimekaa, lakini kila baada ya safari nne tano inabidi kurudia. Anayenunua iliyotumika akiunganishe na kukizungusha palepale dukani kabla hajatoa pesa. Pia achomeke kila ncha kwenye tundu lake na kutazama kama imefika mwisho. Moja ya kwangu ilikuwa ya fimbo nyingine, na niliisugua kwa msasa ili iingie.

Kishikio ni cha koki, na hilo ni jema, kwa kuwa koki haikunyang'anyi joto kama chuma. Lakini pale rili inapofungwa ni chuma kitupu, na mkono unakaa papo hapo. Nimezungushia kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ingekuwepo kama pete zingekuwa kubwa. Kwa anayetaka mpya, aina hii ya vichwa viwili inapatikana kwa bei ya kawaida, na ningemshauri atazame pete za ncha kabla ya kutazama jina la kampuni au rangi. Kwa anayevua mabwawa tu, au kiangazi tu, haihitaji. Kwa mtu wa mshipi anayetaka kukaa kando ya mto mwezi wa Januari, sijui kifaa kingine ambacho kingemfaa zaidi kwa pesa hiyo.

Msimu wa mito unafungwa tarehe 14 Machi mpaka 16 Juni. Nimeagiza pete mbili kubwa na uzi wa kufungia, na ncha ya aunsi 1 nitaifanyia kazi mwenyewe mezani jikoni.