Uzoefu wangu na cuda-checkpoint pamoja na CRIU: kuokoa kazi ya GPU stima inapopotea Kisumu

Anayefanya hesabu nzito za kompyuta mjini Kisumu katika msimu wa mvua hahitaji kuelezwa kwa nini kazi ya siku nzima inapaswa kuhifadhiwa kabla haijaisha. Ngurumo za alasiri zikianza kusikika kutoka upande wa vilima vya Nandi, stima huweza kupotea wakati wowote, na hata ikirudi baada ya dakika chache, kila kilichokuwa ndani ya kumbukumbu ya kadi ya michoro, yaani GPU, huwa kimekwenda na maji. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitumia programu mbili zinazofanya kazi bega kwa bega dhidi ya hasara hiyo, cuda-checkpoint ya NVIDIA na CRIU ya chanzo wazi, na nimeridhika nazo kwa aina moja ya kazi tu.

CRIU ndiyo kongwe, kwani ilianza mwaka 2011. Husimamisha programu ya Linux ikiwa katikati ya shughuli, ikaandika kwenye diski kumbukumbu yake yote, orodha ya mafaili iliyoyafungua na hali ya kila uzi wake (yaani kila mkondo wa maagizo unaoendeshwa ndani yake), kisha baadaye ikaifufua iendelee pale pale ilipoachia. Kwa muda mrefu kizuizi kilikuwa GPU, kwa sababu data iliyo ndani ya kadi inasimamiwa na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, na haionekani kwa CRIU kama sehemu ya programu yenyewe. Wenye kadi za AMD walipata programu-jalizi yao ndani ya CRIU mwaka 2022. Sisi wenye kadi za NVIDIA tulisubiri hadi 2024, ilipotoka cuda-checkpoint, ambayo inahitaji draiva ya toleo la 550 au jipya zaidi. Mwaka huohuo CRIU 4.0 ikaja na programu-jalizi inayoiita cuda-checkpoint yenyewe, bila mtumiaji kuandika amri mbili, moja ya cuda-checkpoint na nyingine ya CRIU.

Hata hivyo napendekeza mgeni aanze kwa kuandika amri hizo kwa mkono, ili aone kinachotokea. Ukiipa cuda-checkpoint namba ya programu inayoendeshwa, inazuia maagizo mapya kwenda kwenye kadi, inasubiri yaliyokwisha kutumwa yamalizike, inanakili kumbukumbu ya kadi hadi kwenye kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta (RAM), kisha inaachilia kadi kabisa. Fungua nvidia-smi, amri inayoorodhesha programu zinazotumia kadi, wakati huo na utakuta programu yako haimo tena kwenye orodha, ilhali ukiitafuta kwa ps, amri ya kuorodhesha programu zote zinazoendeshwa, ipo hai, imetulia tuli. Toa amri ileile mara ya pili, nayo inarudi kwenye kadi na kuendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Kwa kuwa kumbukumbu ya kadi hunakiliwa kwanza kwenye RAM, kompyuta yenye RAM ndogo kuliko kumbukumbu inayotumika kwenye kadi haiwezi kazi hii, na wauzaji wetu wa kompyuta wana mazoea ya kukuuzia kadi kubwa na RAM ya kubahatisha.

Kazi iliyonifanya niitafute zana hii ni modeli ya mzunguko wa maji katika Ghuba ya Winam, tunayoitumia kukisia magugu maji yatasukumwa upande gani. Tuliipokea ikiwa imekwisha kugeuzwa kuwa programu tayari ya kuendeshwa, bila msimbo wa chanzo, na haina njia yake yoyote ya kuhifadhi hali. Kwa programu ya namna hiyo hakuna mbadala ninaoujua unaoikaribia zana hii: haibadilishi hata herufi moja ya programu, na modeli ikifufuliwa huendelea na hatua inayofuata bila kujua kwamba mashine ilizimwa. Yapo masharti, lakini. CRIU haihifadhi yaliyomo ndani ya mafaili, na wakati wa kufufua hukagua ukubwa wa kila faili lililokuwa wazi. Ukihifadhi hali huku ukiiacha modeli iendelee, faili la logi, ambamo modeli huandika kumbukumbu za mwenendo wake, litazidi kukua, na siku ya kufufua utakataliwa kwa ujumbe kwamba faili hilo lina ukubwa usiofaa. Dawa ni kunakili logi pamoja na kila nakala ya hali, au kulikata lirudi kwenye urefu wake wa awali. Vilevile namba ya programu lazima iwe ileile ya mwanzo, kwa hiyo mimi huiendesha ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa yenye namba zake, ili isigombanie namba na programu nyingine baada ya kompyuta kuwashwa upya.

Kwa modeli ninazofundisha mwenyewe kwa PyTorch, maktaba ya kufundishia modeli za akili bandia, kutambua magugu hayo katika picha za setilaiti za Sentinel-2, situmii zana hii, na sababu ni hesabu tu. Modeli yenye vigezo milioni 30, kila kimoja baiti 4, ni megabaiti 120. Adam, mbinu ya kurekebisha vigezo wakati wa mafunzo, huongeza thamani mbili kwa kila kigezo, jumla megabaiti 360. Hizo ndizo zinazohitajika kuendelea na mafunzo, pamoja na vitu vidogo kama namba ya hatua. CRIU haiwezi kujua hilo, hivyo huchukua kila kitu, hata nafasi ambayo PyTorch imeishikilia kwenye kadi bila kuitumia. Nakala ya gigabaiti 18, kwa mfano, kwenye SSD ya SATA inayoandika megabaiti 500 kwa sekunde ni sekunde 36, na kwenye diski ya sahani ni dakika mbili au zaidi.

Sekunde hizo ndizo zinazoamua uhifadhi mara ngapi. Kanuni ya Young ya mwaka 1974 inasema muda unaofaa kati ya nakala ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya gharama ya nakala moja ukizidisha na wastani wa muda kati ya hitilafu. Tuseme stima inapotea mara moja kwa siku: nakala ya sekunde 36 inakupa takriban dakika 42, ya sekunde mbili inakupa kama dakika kumi. Nimeongeza UPS, betri ya dharura inayoshikilia kompyuta kwa dakika chache na programu ya NUT inayoanzisha uhifadhi mara betri inapoanza kutumika, kwa kuwa cuda-checkpoint yenyewe haina habari na umeme. Skripti huandika nakala mpya kwenye folda ya muda, hutoa amri ya sync ili data yote iandikwe kweli kwenye diski, ndipo hubadilisha jina la folda, na nakala ya awali haifutwi hadi hapo.

Mwenye programu inayogawana kumbukumbu ya kadi kati ya michakato kadhaa asome kwanza maelezo ya draiva yake, kwani matoleo ya mwanzo ya cuda-checkpoint hayakuikubali kumbukumbu ya namna hiyo, wala ile inayosimamiwa kwa pamoja na kadi na kompyuta.