Filta ya Hewa ya Kuosha na Kupaka Oili: Inalifaa Gari Lako?

Habari zenu watazamaji, na shikamooni wakubwa mnaotufuatilia. Leo mezani tuna filta mbili za hewa za Toyota IST, ile yenye injini ya 1NZ. Hii nyeupe ni ya karatasi, iko kila duka la spea hapa Tanga. Hii nyekundu ni ya pamba, ya kuosha na kupaka oili, ile ambayo muuzaji anakwambia ukiinunua leo hununui nyingine mpaka uuze gari.

Tunaanza na jibu, ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama una IST, Vitz, Probox, Noah au gari lolote la petroli lenye sensa ya hewa, yaani kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, na njia zako zina vumbi, baki na karatasi nzuri. Nyekundu nayo ina watu wake, tutawafikia.

Sogeza kamera hapa karibu. Hii ya pamba ina matabaka ya kitambaa kilichofumwa kwa uwazi, yamekunjwa pamoja, juu na chini yamebanwa na wavu wa waya. Nikiiinua kwenye mwanga, unaona vitundu vidogo vya mwanga vinapita. Nikiinua karatasi, mwanga unafifia lakini vitundu huvioni. Usiogope, pamba haifanyi kazi kwa udogo wa matundu peke yake. Vumbi linapopita katikati ya nyuzi linagusa oili, linanasa. Kwa hiyo nusu ya filta hii ni oili. Ikikauka, au ikipakwa sehemu na kuachwa sehemu, unabaki na kitambaa kilichofumwa wazi mbele ya injini yako.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Kampuni ya K&N ya California, Marekani, ilianzishwa mwaka 1969 na ndiyo iliyoitangaza sana, ikitokea kwenye mbio za pikipiki na magari. Kwenye mbio injini inafunguliwa mara kwa mara, na kinachotafutwa ni hewa ipite kwa wepesi. Hapo ndipo sifa yake ilipotoka, na ni sifa ya haki.

Sasa namba. Filta za hewa hupimwa kwa kipimo cha ISO 5011: unapuliza vumbi la maabara, unapima lililonaswa. Karatasi nzuri inashika asilimia 99 na zaidi. Pamba iliyopakwa oili sawasawa, kwa kawaida inacheza kati ya 97 na 99. Ukiangalia haraka unasema tofauti ndogo. Lakini wewe usihesabu linalonaswa, hesabu linalopita. Kwenye gramu 100 za vumbi, ya asilimia 99 inapitisha gramu 1, ya asilimia 97 inapitisha gramu 3. Mara tatu.

Na vumbi lenyewe ni lipi? Ukiacha lami Mabokweni ukaelekea Maramba, au ukiingia njia za ndani za mashamba ya mkonge Muheza nyuma ya lori, linaloingia ni vumbi la udongo lenye chembe za mchanga, ngumu kuliko chuma cha ringi za pistoni na silinda. Zikichanganyika na oili ya injini zinasaga taratibu. Gari halikwambii kitu leo. Linakwambia baadaye: oili inapungua kabla ya sevisi, moshi wa buluu asubuhi, na fundi anakwambia ringi zimekwisha.

Upande wa nguvu tuseme ukweli. Kwenye injini ya cc 1,500 ambayo haijaguswa, mguu wako hautaisikia tofauti. Na wanaosema filta nyekundu itapunguza ulaji wa mafuta, maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilichapisha utafiti mwaka 2009 ikaonyesha kwamba kwenye magari ya petroli yenye sindano za kompyuta, hata filta iliyoziba sana haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Iliyoathirika ni kasi ya kuchanganya. Kompyuta inapima hewa iliyoingia, inatoa petroli inayolingana nayo. Basi kama filta chafu haiongezi ulaji wa mafuta, inayopitisha hewa kwa wepesi itakuokolea nini?

Tuje kwenye hiyo sensa, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Kwenye 1NZ sensa ya hewa, mafundi wanaiita MAF, imekaa kwenye boksi la filta, hatua fupi tu baada ya filta. Ndani yake kuna kiwaya chembamba kinachopashwa moto na umeme. Hewa inakipoza, kompyuta inasoma. Filta ikipakwa oili kupita kiasi, ukungu wa oili unasafiri na hewa, unatua kwenye kile kiwaya, kisha vumbi linagandia juu yake. Kiwaya kinasoma hewa pungufu, petroli inatolewa pungufu. Dalili: gari likisimama mzunguko wa injini unapanda na kushuka, ukikanyaga linachelewa kuitika, taa ya injini inawaka, na ukipima kwa mashine unapata kosa kama P0171, yaani petroli ni pungufu kuliko hewa. Wengine hapo wanabadilisha plagi, wanabadilisha pampu, kumbe ni oili. Sensa inasafishwa kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa sensa hizo tu. Kidole, pamba ya masikio na petroli visikaribie.

Sasa kuosha. Kanuni ya K&N yenyewe inawashangaza wengi: filta bado haihitaji kuoshwa kama bado unauona wavu wa waya uso mzima, hata kama inaonekana chafu. Kwa mwendo wa barabara kuu wanasema hadi maili 50,000, yaani kama kilomita 80,000, na mapema zaidi kwenye vumbi. Kwa hiyo wewe unayeiosha kila wiki car wash unajiharibia, kwani kila ukiosha unaondoa oili.

Siku ikifika, ikung'ute polepole, puliza dawa yake ya kusafishia pande zote mbili, iache dakika 10 bila kuiacha ikauke. Kisha maji baridi ya presha ndogo, ukitokea upande msafi kwenda upande mchafu, ili uchafu urudi ulikotoka. Ukigeuza, unausukumia ndani ya pamba. Petroli, dizeli na sabuni ya unga zinaharibu mpira wa pembeni au pamba yenyewe. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze hata kidogo.

Halafu ikauke yenyewe, kivulini, penye upepo. Kompresa inatoboa pamba, jiko linakunja mpira. Na hapa pwani ndipo watu wanapokosea: wakati wa masika hewa imejaa maji, pamba inachukua siku nzima na hata zaidi. Ukipaka oili ikiwa bado na unyevu, oili haishiki. Gari je, litasubiri? Ndiyo maana mwenye filta hii anatakiwa awe na ya pili, hata ya karatasi, ya kuziba pengo. Kuendesha bila filta, hata kwenda sokoni tu na kurudi, usifanye.

Oili nayo ni ile ya filta, si ya injini wala ya gia boksi. Pitisha mstari mmoja mwembamba juu ya kila mkunjo, upande mmoja. Subiri dakika 20. Rangi nyekundu imewekwa makusudi: angalia upande wa pili, penye weupe ongeza tone, penye wekundu acha. Ikidondosha, umezidisha, iegemeze juu ya kitambaa mpaka iache.

Filta yoyote utakayochagua, kuna kitu kinachoshinda mjadala huu wote, nacho ni ukingo. Fungua boksi, chukua kitambaa cheupe, futa ndani ya bomba upande wa baada ya filta. Kikitoka na vumbi, tazama ukingo wa boksi: ukiona mstari mwembamba wa vumbi umekatiza kutoka upande mchafu kwenda msafi, hewa inapita pembeni. Kibanio kimelegea au filta si saizi yake. Asilimia 99 hapo haina maana. Na nyie wa karatasi, acheni kuipuliza kwa kompresa ya pancha. Karatasi inachanika kwa matundu usiyoyaona. Ikijaa, badilisha.

Nani basi anunue nyekundu? Mwenye Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ, isiyo na sensa ya hewa, au anayekaa mbali na duka la spea na ana subira ya kuosha kwa mpangilio. Mwenye mwendo mrefu wa lami, Tanga hadi Dar kila juma, pia ana hoja: jumlisha bei ya filta na seti ya kuoshea, gawanya kwa bei ya karatasi moja, uone utaifidia baada ya kilomita ngapi. Zile za koni, zinazokaa wazi chini ya boneti, hapana. Zinavuta hewa ya moto ya injini, na zikikaa chini, maji ya dimbwi moja la mvua yakivutwa ndani ya injini yanatosha kupinda koneksheni rodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni.

Ukienda dukani, angalia waya kwanza. Chuma cha kawaida kwa chumvi ya huku Raskazoni kitapata kutu, na kutu ikimeguka inakwenda ndani. Kisha bonyeza mpira wa pembeni kwa kucha. Mzuri unarudi mara moja. Ukibaki na alama, mrudishie muuzaji.