Vyombo vya umeme Mwanjelwa, Mbeya: ukijutia ulichonunua

Maduka yamejaa bidhaa, wauzaji ni wachangamfu, na bei inashuka ukiongea vizuri. Kinachoudhi ni kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi". Kwa aliyebadili mawazo tu, rangi haimpendezi au kaona bei nafuu Kabwe, kibao kina nguvu: sheria haimlazimishi muuzaji kurudisha pesa, labda mkubaliane kubadilishana. Lakini pasi isiyopata moto si majuto, ni ubovu! Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iwe na ubora wa kuuzika, yaani ifanye kazi yake ya kawaida. Basi ijaribu kwenye soketi ya dukani kabla ya kulipa, dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), tunza boksi. Ikiharibika rudi mapema. Ukichelewa utahesabiwa umeikubali. Muuzaji akigoma, malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ushindani.