Mkanda wa Mbavu na Kifaa cha Mipira Mitatu: Uzoefu Wangu Baada ya Kuanguka na Baiskeli

Mtu akivunjika ubavu, kitu cha kwanza ambacho ndugu na marafiki humletea ni mkanda wa mbavu, ule mpana unaovutika na kufungwa mbele kwa kitambaa cha kunata. Nimeuvaa mkanda huo, na nimetumia pia kifaa cha plastiki cha mazoezi ya pumzi chenye mipira mitatu, ambacho wengi hawakifahamu ijapokuwa mimi nilikipata kwa bei isiyofika nusu ya bei ya mkanda. Anayetaka kununua kimoja tu namshauri achukue hicho cha pili.

Jeraha lenyewe nililipata katika Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Kwenye mteremko wenye kokoto na vumbi laini gurudumu la mbele liliteleza, usukani ukageuka, nami nikaangukia ncha yake kwa upande wa kulia wa kifua. Picha ya eksirei ilionyesha ufa katika ubavu wa saba. Daktari alinieleza kwamba nyufa nyingi za mbavu hazionekani kwenye eksirei, na kwamba picha hupigwa hasa ili kuhakikisha pafu halijatobolewa na hakuna hewa wala damu iliyojikusanya kifuani. Kwa kuwa mbavu za chini hukinga ini upande wa kulia na wengu upande wa kushoto, alinibonyeza tumbo pia kabla ya kuniruhusu niende nyumbani. Ubavu haufungwi plasta kama mkono, kwa maana husogea kila mtu avutapo pumzi, lakini kwa kawaida huunga wenyewe kwa muda wa takriban wiki 6.

Hatari inayobaki katika wiki hizo hutokana na maumivu. Anayeumia hupumua juu juu na kujizuia kukohoa, makohozi yakatuama chini ya mapafu, na nimonia ikapata mwanya. Ndiyo sababu desturi ya zamani ya kumfunga mgonjwa kifua kizima imeachwa, na Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza huwaonya wagonjwa wake wasijifunge bandeji ya kukaza kifuani.

Mkanda wangu ulinunuliwa na dada yangu katika duka la dawa, na kwa ushonaji sina malalamiko. Kitambaa kilivumilia kufuliwa, na kinato hakikulegea. Tatizo ni kazi unayoifanya. Nikiukaza vya kutosha hata nisikie nafuu, pumzi yangu ilikomea kooni. Nikiulegeza ili nipumue, uliteleza hadi kiunoni na kubaki pambo, na kwenye joto la mchana ngozi iliyokuwa chini yake ilianza kuwasha. Mahali pekee uliponifaa ni ndani ya matatu, kwenye barabara yenye matuta, ambako kila mtikiso ulinichoma kama msumari. Huko niliuvaa kwa safari tu, kisha nikauvua nilipofika. Mtaalamu wa tiba ya viungo alikubaliana na matumizi hayo mafupi, ila alinikataza katakata kulala nao.

Mtaalamu huyo ndiye aliyenielekeza kwenye kifaa cha mipira mitatu. Ni kiboksi cha plastiki angavu chenye vyumba vitatu vilivyosimama, kila kimoja na mpira mwepesi wa rangi yake, na mrija unaokunjika wenye kinywa cha kuuma. Juu ya vyumba pameandikwa 600, 900 na 1200, yaani mililita za hewa kwa sekunde zinazohitajika kuinua kila mpira. Watu wengi wakikishika hupuliza, na mipira haitikisiki, kwa sababu kifaa hiki hufanya kazi kwa kuvuta pumzi ndani. Mgonjwa huketi wima, hutoa hewa yote taratibu, huzungusha midomo kwenye kinywa cha mrija bila kuacha upenyo, kisha huvuta polepole mpaka mpira wa kwanza upande na kubaki juu kwa sekunde kadhaa. Niliagizwa nirudie mara 10 katika kila saa niliyokuwa macho, nikipumzika kati ya pumzi na pumzi ili nisipate kizunguzungu, na mwishoni nikohoe huku nimeukumbatia mto kwenye ubavu ulioumia. Mto huo, ambao haukunigharimu hata senti, ulinisaidia wakati wa kukohoa na kupiga chafya kuliko mkanda.

Siku za kwanza mpira wa kwanza ulipanda nusu ukaanguka, na jasho likanitoka. Ulipoanza kukaa juu bila kutetemeka, nami nilikuwa nimeanza kulala kwa kuegemea mito miwili badala ya kukaa kitini usiku kucha. Hata hivyo kifaa kina kasoro ya kweli: hupima kasi ya hewa, hakipimi wingi wake. Mtu akivuta kwa pupa mara moja, mipira yote mitatu huruka juu, naye hudhani amepona ilhali sehemu ya chini ya mapafu haijapata kitu. Aina nyingine yenye pistoni huonyesha wingi wa hewa kwa mililita na haidanganyiki kirahisi hivyo, na mwenye uwezo wa kuilipia aichukue hiyo. Karatasi ya maelekezo ya kifaa changu ilikuwa ya Kiingereza tupu, kwa herufi ndogo mno, jambo ambalo kwa bidhaa inayouzwa Nairobi ni uzembe.

Mazoezi haya hayawezekani bila dawa ya maumivu. Nilipewa parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa mtu mzima kwa siku, na nilimeza nusu saa hivi kabla ya zoezi. Shangazi yangu alisisitiza nikakandwe kwa mafuta ya moto. Nilimshukuru, lakini sikumpa mtu yeyote ruhusa ya kusugua mfupa wenye ufa. Upungufu wa pumzi unaozidi, homa, makohozi yenye damu, au maumivu yanayohamia tumboni au begani ni dalili za kurudi hospitali siku hiyo hiyo, na hakuna kifaa cha dukani kinachozitibu.

Mkanda naupa nyota mbili kati ya tano, kwa ajili ya matatu peke yake. Kifaa cha mipira nakipa nne. Mnunuzi aombe kukagua kiboksi kabla ya kulipa na akipindue juu chini, kwani cha kwanza nilichouziwa kilikuwa na mpira ulionasa kwenye chumba cha 900 na ilinibidi nirudi kukibadilisha. Kinywa cha mrija kioshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na kisitumiwe na mtu mwingine hata wa nyumba moja.