Springi fupi kwenye Subaru Impreza: tathmini kutoka Mbeya

Springi fupi za kiwandani, zinazoshusha gari kwa takribani sentimita 3, zimelifanya gari langu litulie vizuri zaidi kwenye kona za barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, na kwa dereva ambaye safari zake nyingi ni za lami ninazipendekeza, ilimradi zifungwe pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Uzito ukisogea karibu na ardhi na springi zikiwa ngumu kidogo, bodi hailali sana ubavuni na usukani hujibu upesi.

Kushusha zaidi ya hapo nisingekubali. Impreza kwa mbele hutumia mfumo wa MacPherson, ambamo gurudumu hushikwa chini na mkono mmoja, wishiboni. Gari likilazwa kupita kiasi, ncha ya wishiboni iliyo upande wa gurudumu hupanda juu kuliko ile iliyofungwa upande wa chasi, na kitovu ambacho bodi huinamia kwenye kona hushuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Matokeo yake gari huwa na nguvu zaidi ya kulala ubavuni, na huzuiwa tu na springi ngumu mno ambazo abiria huziona chungu. Pembe za tairodi, vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, nazo hubadilika, hivyo gurudumu likiingia shimoni usukani huvuta pembeni.

Wanaokata springi za zamani kwa grinda wanahatarisha maisha ya watu, kwa kuwa springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake na inaweza kuchomoka gari linaporuka tuta.

Matuta ndiyo udhaifu mkubwa wa springi hizi. Gari likijaa abiria, shokapu hugonga raba ya kizuizi mapema, na kwenye mitaa ya udongo wakati wa masika bampa la mbele hukwaruzwa hata ukienda taratibu.

Gereji ya Mwanjelwa iliyonifungia inastahili sifa kwa mambo mawili. Ilikataa kunikabidhi gari kabla ya alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, maana bila hiyo tairi huisha upesi kwa upande wa ndani. Tena boliti za bushi za wishiboni zilikazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa linaning'inia kwenye jeki, ili raba za bushi zisibaki zimejipinda na kuchanika mapema.