Mwangwi kwenye simu ya ofisi, na fundi aliyenituma nikapime masikio

Niseme mapema: kifaa chenyewe hakina shida. Kero ni hao wanaokifunga.

Ofisi yetu iko Mtwara mjini, tunashughulika na malori ya korosho yanayoshusha bandarini. Tulifungiwa kile kisanduku kinachopokea waya wa simu ya mezani na kuuunganisha na simu za intaneti, ili namba ya zamani wanayoijua wateja isife. Tangu kifungwe, kila nikiongea najisikia mwenyewe. "Haloo" ... "loo". Hebu jaribu kumtajia mtu namba ya lori huku tarakimu ulizotaja zinakurudia sikioni, zinagongana na unazotaka kutaja. Watu wa ghala la Masasi walidhani nimepata kigugumizi.

Fundi akaja, msimu umepamba moto. Akatoka nje, akasimama chini ya mwembe, akapiga ofisini kwa simu yake ya mkononi. "Mbona nakusikia safi, mama? Hakuna mwangwi hapa." Nikamwambia wewe wa nje huwezi kuusikia, anayeusikia ni mimi niliyeshika simu ya intaneti. Akacheka, mbele ya vijana wangu! "Basi kapime masikio hospitali ya Ligula." Kisha akaniuzia bando kubwa zaidi. Nikalipa. Mwangwi palepale.

Wala haikuwa udogo wa bando. Sauti yangu ikiingia kwenye waya wa shaba, kama ukinzani wa kifaa, yaani kinavyouzuia umeme, haulingani na wa laini, sehemu yake inarudi. Hata simu za zamani zilirudisha, ila papo hapo, sikio halishtuki. Intaneti inaichelewesha makumi ya milisekunde, ndipo kero inapoanza. Mpwa wangu akafungua mipangilio: nchi Marekani, ukinzani omu 600 wa kule, sauti ya kwenda kwenye laini imepandishwa mpaka mwisho, kifuta-mwangwi kimezimwa. Kimezimwa, jamani! Akabadilisha ukinzani, akashusha sauti, akakiwasha. Sasa nasikia kimkia tu cha mwangwi simu inapoanza, kisha kinapotea.

Nilipanga kutoa nyota nne. Nikimkumbuka yule chini ya mwembe, mbili. Haya, tatu, kwa sababu namba yetu ipo na wateja wananipata. Kinunueni, ila tafuteni fundi wenu. Na hao waliokifunga wajue hela yangu ya bando bado naidai.