Paramore wametupa kelele, hasira wamebaki nayo: After Laughter

Haya jamani, karibuni tena. Leo sina simu mpya wala spika ya kufungua kwenye boksi. Leo nina albamu: After Laughter ya Paramore, ilitoka Mei 2017. Ndiyo, najua, ya zamani. Lakini kila nikiwataja Paramore lazima atokee mtu aniambie bendi ile ilikufa siku ilipoacha kupiga kelele. Huyo mtu leo akae hapa nimsikilizishe.

Kwa mgeni: hawa wanatoka Franklin, Tennessee, Marekani. Mwaka 2007 walitoa albamu ya Riot!, na humo ndimo ulimo Misery Business. Gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa sakafuni, dramu zinakimbia, na Hayley Williams anaimba kama anayegombana na jirani juu ya ukuta. Hiyo ndiyo pop panki yenyewe: mwendo wa kasi, kelele, hasira za ujana, na kiitikio ambacho ukumbi mzima unakiimba hadi koo zinakauka. Mimi niliipenda kufa. Bado naipenda.

Sasa weka Hard Times, wimbo unaofungua After Laughter.

Mmesikia hapo mwanzo? Marimba! Mlio wa marimba, halafu besi inaingia kwa kurukaruka, halafu gitaa la Taylor York, safi, halina mkwaruzo hata chembe, linadonoa nyuzi za juu kama kuku anayeokota mtama. Mara ya kwanza niliucheza kwenye spika ya sebuleni. Baba yangu mdogo, mtu wa muziki wa dansi, ambaye kwa kawaida nikiwasha roki yeye anafunga mlango, safari hii akaufungua. Akachungulia, akauliza, "Hawa ni Wakongo wa bendi gani?"

Nilicheka, ila hakupotea sana. Sisemi Paramore walikwenda Kinshasa kujifunza sebene. Nasema gitaa likiacha kuifunika besi na kuanza kujibizana nayo, sikio lililokulia kwenye dansi linashtuka. Vaeni hedifoni, msikilize besi peke yake kwenye ubeti wa kwanza. Kwenye Riot! msingeipata hivyo, imezama chini ya magitaa.

Na besi hiyo ina habari yake. Jeremy Davis, aliyekuwa akiipiga kwa miaka mingi, aliondoka mwishoni mwa 2015, wakaishia kwa mawakili kuhusu mapato ya bendi. Aliyepiga humu ni Justin Meldal-Johnsen, ambaye pia ndiye aliyeitayarisha albamu pamoja na Taylor. Kwenye dramu amerudi Zac Farro, aliyejitoa pamoja na kaka yake mwaka 2010. Ukibadilisha anayekaa kwenye dramu na anayeshika besi, mdundo utabaki ule ule vipi? Isitoshe walishatoa dalili. Ain't It Fun ya 2013 ilikuwa na kwaya ndani yake, ikawapa Grammy. Kwa hiyo aliyeshtuka 2017 alikuwa hasikilizi.

Haya, njooni kwenye maneno, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasikia marimba wanasema bendi imelainika. Jina lenyewe la albamu linahusu ule uso wa mtu anapomaliza kucheka, pale meno yanapofichwa na mawazo kurudi. Hayley alizungumza hadharani kuhusu sonona aliyokuwa nayo wakati huo, na iko kila mahali humu. Chukua Fake Happy. Unaanza na gitaa tupu, sauti yake iko mbali, kama anaimba chumba cha pili mlango umefungwa. Halafu pyaa! Taa zinawaka, dramu, vinanda, kila kitu kinameremeta. Na anachoimba kwenye mwanga wote huo ni kwamba tabasamu lake amelipaka tu, na anajua lako pia ni la kupaka.

Misery Business alikuwa anagombana na mtu mwingine. Humu anagombana na nafsi yake, na anakuchezesha wakati huo huo. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo. Chukua wimbo Shida wa Mbaraka Mwinshehe: mtu analia maisha magumu, na magitaa nyuma yake yamelainika hayana habari, na watu wako katikati ya ukumbi wanacheza.

Sasa kasoro, maana sijalipwa na mtu. No Friend siuelewi hadi leo. Hayley haimbi kabisa. Wamempa Aaron Weiss, mwimbaji wa bendi ya mewithoutYou, na sauti yake wameizika chini ya gitaa linalozunguka pale pale. Najua ni makusudi. Huwa nauruka hata hivyo. Forgiveness ni tamu lakini imekaa mahali pa kusinzia. 26, wenye gitaa la mbao na fidla, siku ya kwanza niliuona wa kujazia nafasi, nikaja kuuelewa usiku mmoja umeme umekatika na simu ina asilimia 9.

Jumla ni nyimbo 12, dakika 42 na ushee. Ni safari ya daladala moja yenye foleni ya kawaida. Kama mnataka Riot! nyingine, haimo humu, bakini na ile ile, hailiwi na mchwa. Wengine anzeni na Hard Times, kisha rukeni moja kwa moja hadi wa mwisho, Tell Me How: kinanda, sauti, na dramu za Zac zinazoingia kwa kunyata. Mkishausikia huo rudini katikati. Na spika ya sebuleni iwe na sauti ya kutosha, huwezi kujua nani atafungua mlango.